Mwenye Deni Yuko Ndani ya Ukuta
Nehemia 5:1–13

Wengi wetu tunaipenda sura ya nne ya Nehemia, pale wajenzi wanapofanya kazi kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili. Kisha tunarukia ya sita, ukuta unapokamilika kwa siku 52. Sura ya tano tunaipita, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wa Kamina. Kilio chake hakimlaumu Sanbalati wala Tobia, maadui waliopinga ujenzi. Wanaume na wake zao wanawalilia Wayahudi ndugu zao: mashamba yamewekwa rehani ili wapate nafaka, fedha imekopwa ili kulipa kodi ya mfalme, watoto wameanza kutiwa utumwani. Nehemia anakasirika, anaitisha mkutano mkubwa na kuwakemea wakuu, huku adui angali anawawinda. Mbona hakungoja ukuta uishe? Ukuta humzuia aliye nje. Waliokuwa wakiwala maskini walikuwa ndani.

Katika siku hizi ambapo unga wa bukari unapanda bei na mshahara hauonekani, tukitaja usalama tunataja doria, makufuli na askari. Historia ya Katanga inatuonya kwamba hayo hayatoshi. Kampuni ya madini ya Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Katika njaa hiyo watu waliambiwa kwamba mwizi wa kazi zao ni jirani aliyetoka Kasai. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na reli iliyowapeleka Kasai inapita hapa Kamina. Je, walipoondoka, kazi zilirudi? Hazikurudi. Upande wa pili, wakati wa vita vya wanamgambo wa Mai-Mai, Kamina ilipokea wakimbizi wengi kutoka vijijini, na mwaka 2004 Askofu Ntambo wa Kanisa la Methodisti aliwaita viongozi wa Mai-Mai waje mjini kuzungumzia amani. Mlango uliofunguliwa ulisaidia usalama kuliko mlango uliofungwa.

Mtu atasema huruma inalea wezi. Nehemia hakuwaondoa walinzi ukutani, wala sisi hatuambiwi tumwache mwizi; akabidhiwe sheria, asichomwe moto barabarani. Lakini Nehemia alikataa kuwatazama wenye madeni kama wahalifu. Alijua kwamba aliyenyang'anywa shamba na mtoto hana tena cha kulinda mjini, na asiye na cha kulinda hawezi kuwa mlinzi mwema. Mwingine atasema: sisi wenyewe ni maskini, tutoe nini? Ni swali la haki katika mji wa reli, ambapo wafanyakazi wa shirika la reli, SNCC, wanajua vizuri mshahara usiolipwa unavyoitafuna nyumba. Tuangalie basi Nehemia alianza na nini. Kabla ya kudai sadaka, alidai watu waache kuchukua: warudishe mashamba, nyumba na riba ya fedha na ya nafaka, siku hiyohiyo. Naye alikiri kwamba yeye na watumishi wake walikuwa wakikopesha pia. Kuacha kumkamua jirani hakuhitaji utajiri.

Hapa lazima kanisa lijitazame, maana wakopeshaji wa Banque Lambert, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, hawakai wote nje ya ibada. Yupo anayeimba kwaya Jumapili na Jumatatu anashika baiskeli ya ndugu yake kama rehani, baiskeli ambayo ndiyo ingempatia fedha ya kulipa. Yupo mwenye duka anayeficha unga akingoja bei ipande. Kuwaombea ulinzi wa usiku watu tunaowamaliza mchana ni kumdhihaki Mungu. Nehemia hakutosheka na ahadi nzuri. Aliwaita makuhani, akawaapisha wakopeshaji mbele ya mkutano. Na sisi tufanye hivyo: wazee wa kanisa wakae na wakopeshaji walio washirika, riba ifutwe, baiskeli irudishwe kwa mwenyewe, deni lenyewe lilipwe kidogokidogo kwa mapatano yanayojulikana. Likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, iendeshwe kwa uaminifu, ili mgonjwa na mjane wasilazimike kubisha kwa mla riba. Tukifanya hayo, tutakuwa na haki ya kumwambia mkuu wa polisi atimize wajibu wake, kwa kuwa wetu tutakuwa tumeutimiza.