Aliyelipa Deni kwa Hasira

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga yana siku ya kuanuliwa: dua husomwa, majamvi hukunjwa, mfiwa akarudi kazini kwake. Deni la kadi ya benki halina siku hiyo. Linaweza kukaa na mtu miaka mitano au kumi, na kinachowashinda wengi si kuanza kulilipa. Ni kuendelea kulipa hamu ikishakwisha. Kisa hiki kinamhusu mmoja wao.

Jamaa mmoja wa Tanga alikuwa akibeba maboksi Houston, Texas, kama wenyewe wanavyosema. Kazi yake hasa ilikuwa kuwatunza wazee, zamu ya usiku: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwapa dawa kwa saa. Baba yake alipofariki, tiketi ya ndege ya kwenda kuzika aliilipia kwa kadi. Arobaini nayo ikaingia kwenye kadi. Kisha ukaja mchango wa harusi ya dada yake, na kompyuta ya mdogo wake aliyekuwa anaanza chuo. Kila mara alijiambia ataziba pengo mshahara ujao. Siku alipoketi kujumlisha, alikuta anadaiwa dola 9,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, sawa na asilimia 2 kila mwezi. Dola 180 zilikuwa zikiteketea kila mwezi kabla deni lenyewe halijaguswa.

Hesabu ile ilimchoma. Akaanza kufanya kazi siku sita kwa wiki. Akajitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kamati za harusi, simu za nyumbani akawa hapokei, hata mama yake akawa hapati kitu. Kila mwezi alipeleka benki dola 900. Baada ya miezi sita deni lilikuwa limeshuka hadi dola 4,460 hivi, na wenzake kazini wakamvulia kofia.

Hakuna aliyeona kasoro. Kila senti iliyobaki ilikwenda kwenye kadi, asibakize hata ya dharura. Mwezi wa saba giaboksi ya gari lake ikafa, na Houston si mji wa kwenda zamu ya usiku kwa miguu. Fundi alitaka dola 3,190. Kadi ikatoka tena mfukoni, deni likapanda hadi dola 7,650.

Gari lilitengenezwa. Mwenye gari ndiye aliyevunjika, kwa kuona jasho la nusu mwaka limefutika mchana mmoja. Akasema liwalo na liwe. Akaacha zamu za ziada, akaiagiza benki ijikatie yenyewe kima cha chini kila mwezi, akaacha kabisa kufungua bili. Kadi aliifungia kabatini, hakununua nayo hata soda. Aliamini hilo linatosha.

Halikutosha, na sababu ni jinsi kima cha chini kinavyopangwa. Kadi nyingi za Marekani hudai riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 hivi ya deni. Mwezi wa kwanza kwake ilikuwa karibu dola 230, na kati ya hizo 153 zilikuwa riba tupu. Deni likipungua kidogo, kima nacho hushushwa. Mdaiwa huona amepewa nafuu, kumbe anaongezewa miaka. Miaka minne baadaye alifungua bili akakuta amekwisha kulipa karibu dola 8,800, na bado anadaiwa 4,700. Deni hilo lilikuwa kubwa kuliko alilokuwa nalo siku moja kabla ya gari kuharibika.

Laiti angeshikilia zile dola 230 za mwezi wa kwanza, asizishushe benki inaposhusha, angemaliza kila kitu kwa miaka minne na miezi minane. Kwa dola 300 angemaliza kwa miaka mitatu. Hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia hayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazitaka benki ziandike kwenye bili ya kadi muda utakaopita mtu akilipa kima cha chini tu, na kiasi cha kulipa kila mwezi ili amalize kwa miaka mitatu. Majibu yake yalikuwa ndani ya bili ambazo hakuzifungua.

Kazini palikuwa na mama mmoja wa Kakamega aliyewahi kubeba deni kama hilo akalimaliza. Alipomsikia akilalamika, alimwambia: "Ndugu yangu, wewe ulilipa kwa hasira. Hasira huisha, riba haiishi." Yeye alikuwa akilipa kiasi kile kile kila mwezi, pesa ikikatwa siku ya mshahara. Dola 50 aliziweka pembeni kwa ajili ya gari na homa. Dola 100 zilikwenda kwa mama yake tarehe ileile, na ndugu zake wote aliwaambia wazi: nina deni, mchango wangu mwaka huu ndio huo. Walinuna, wakazoea. Hakuna mwezi aliosifiwa na mtu, na hakuna mwezi alioruka.

Funzo lake ni hili. Moyo wa kulipa huwaka sana mwanzoni, mtu anapoona aibu, na hurudi mwishoni, anapouona ukingo. Katikati kuna miaka isiyo na moja wala jingine, na mpango wa kulipa upimwe kwa miaka hiyo. Ukijinyima kila kitu, dharura ya kwanza itakurudisha kwenye kadi. Ukiwakimbia wa nyumbani, utarudi kwao siku moja na zawadi za kuomba radhi, zilizonunuliwa kwa mkopo. Tenga akiba ndogo kwanza, waambie ndugu ukweli, kisha chagua kiasi unachoweza kukilipa hata katika mwezi mbaya, na usikishushe.

Jamaa wa Tanga alirudi kwenye dola zake 230. Ilimchukua miaka miwili na miezi mitatu mingine kumaliza. Nawe, iko siku utaamka huna hamu kabisa ya kulipa. Siku hiyo pesa ya deni iwe imeshakatwa kabla hujaamka.