Wanarudi Kufanya Nini?



Jumapili ile tulipotangaza kwamba baada ya mavuno kanisa litawasindikiza wazee wetu wawili, mume na mke, warudi kuona mahali walipotumika Turkana Kusini, mlipiga makofi. Lakini ibada ilipoisha, pale nje tunaposalimiana, mshirika mmoja, mkulima, mtu asiyezungukazunguka, aliniuliza: "Pastor, hao wazee si walimaliza kazi yao? Sasa wanarudi kufanya nini? Na kwa pesa ya nani?"

Najibu kwa maandishi kwa sababu pale nje tulikuwa watu wachache, na swali ni la kanisa zima. Wala si swali la mtu asiye na imani. Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba safari isiyo na kusudi ni gharama tu. Tena hii si safari ya Kitale kwenda na kurudi. Kutoka hapa Moi's Bridge unapita Kitale, Kapenguria, unateremka Marich, unavuka Kainuk, ndipo uione Lokichar. Gari, dereva, mafuta, malazi. Pesa hiyo ingeweza kulipa karo ya mtoto wa mshirika fulani, na mtoto huyo mnamjua.

Kwa hivyo tusijifiche nyuma ya neno "huduma". Watu wengi wakirudi walikotumika wanarudi kujitazama. Wanataka kuona jengo walilojenga, wapige picha mbele yake, wasikie wenyeji wakisema tangu mwondoke hakuna kama nyinyi. Si dhambi kukumbuka. Lakini kama ni hivyo tu, mtu alipe nauli yake mwenyewe.

Hebu fungueni Matendo 14. Paulo alipigwa mawe Listra, akakokotwa nje ya mji wakidhani amekufa. Kesho yake yeye na Barnaba wakaenda Derbe. Sasa angalieni ramani zilizo nyuma ya Biblia zenu. Ukiwa Derbe, Tarso, kwao Paulo, iko mbele yako upande wa mashariki, na ukitoka Tarso, Antiokia ya Shamu lilikokuwa kanisa lililowatuma si mbali sana. Njia ya nyumbani ilikuwa hiyo. Lakini waligeuza wakarudi Listra, mji wenye mawe yale yale, kisha Ikonio, kisha Antiokia ya Pisidia. Mstari wa 22 na wa 23 unatuambia walichoenda kufanya: waliwatia nguvu wanafunzi, na wakawawekea wazee katika kila kanisa. Halafu wakawakabidhi kwa Bwana, wakaenda zao. Hili la wazee huwa tunalipita haraka tukihubiri sura hii. Paulo alirudi ili kazi isiendelee kumngoja Paulo.

Na msidhani kurudi kunakuwa kutakatifu kwa sababu tu aliyerudi ni mtumishi. Sura inayofuata Paulo anamwambia Barnaba warudi wakawatazame ndugu katika kila mji, na safari hiyo hiyo, kabla hata haijaanza, ndiyo iliyowatenganisha wawili hao kwa ugomvi juu ya Marko. Nani aende, nani asiende. Kamati za misheni zinaujua mjadala huo mpaka leo.

Hapa kwetu Kenya tunaye Krapf. Wengi tunamjua kwa sababu ya Mlima Kenya tu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina akafa, na mtoto wao wa kike aliyekuwa amezaliwa siku chache tu akafa pia. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Krapf aliondoka 1853. Ukimpelekea mkaguzi wa hesabu miaka ile tisa atakuuliza mazao yako wapi, kwa maana waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza aliitwa Mringe, mtu mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa.

Krapf alirudi pwani mwaka wa 1862. Rebmann alikuwa bado anaendelea na kazi upande wa Rabai, na Krapf hakudai kiti chake. Alikuwa amewaleta watu wengine, Wamethodisti, awaoneshe mahali pa kuanzia, na hapo ndipo misheni ya Ribe ilipotokea. Thomas Wakefield akabaki Ribe, Krapf akarudi Ulaya. Aliikanyaga tena nchi iliyomzika mkewe na mtoto wake, na alipoondoka, wengine walikuwa wamepata pa kusimama. Kama mngeniuliza safari hiyo ilikuwa na thamani gani, nisingetaja hata hesabu ya nauli.

Mimi na mke wangu tulitumika miaka mitatu karibu na Lokichar kabla ya kuja hapa, na baada ya ule ukame mkubwa wa 2020 hadi 2023, mvua iliposhindwa misimu mitano mfululizo, tulirudi kwa siku nne. Kanisa la mabati tulilolijenga na wenyeji tulilikuta lina viti vya watoto na alfabeti ukutani. Limekuwa chekechea. Ibada ya Jumapili haifanyiki pale tena, kwa sababu familia nyingi zilihama na mifugo kutafuta malisho na maji, na ibada ikahama nao. Siku hizi wanakutana chini ya migunga, sehemu tatu tofauti, kila sehemu na mzee wake. Ningekuwa nimetumwa kukagua mali ya kanisa ningeandika kwamba jengo halitumiki ipasavyo. Na ningekuwa nimeandika ukweli, lakini ukweli usio na faida kwa mtu yeyote.

Jambo la pili nililoliona kule linahusu wake zetu. Nilihubiri miaka mitatu, mahubiri niliyoyaandaa kwa bidii, kwa pointi tatu kila moja. Hakuna aliyekumbuka hata moja. Waliulizia "mama". Mama aliyekaa na fulani usiku wa kujifungua, mama aliyewafundisha wasichana wawili kusoma, na mmoja wao sasa ndiye mwalimu wa hiyo chekechea. Taarifa zote tulizotuma huku nyumbani kila mwezi zilikuwa na jina langu juu na zake zilikuwa kwenye mstari wa mwisho, "pamoja na familia". Ndivyo fomu ilivyokuwa. Biblia haina fomu hiyo. Priska na Akila hawatajwi hata mara moja mmoja bila mwenzake, na mara nyingi jina la mke linatangulia. Hao nao ni watu wa kurudi: walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine wakati wa Klaudio, wakatumika Korintho, wakatumika Efeso, na Paulo anapowaandikia Warumi, katika sura ya 16, anawasalimu wakiwa Roma tena, na kanisa liko nyumbani mwao. Walirudi na kazi mikononi.

Lakini kuna hatari ya kurudi ambayo mshirika wetu hakuitaja, na kwangu mimi ni kubwa kuliko ya pesa. Usiku wa pili tukiwa kule wazee wawili walikuja kimya kimya kutushtakia mchungaji wa sasa. Kijana, ati hasikilizi wakubwa, ati enzi zenu haikuwa hivi. Maneno matamu sana kwa sikio la mtu aliyeondoka! Ukiyakubali, umemvunja mwenzako kwa usiku mmoja, halafu kesho kutwa wewe unapanda gari unarudi kwenye chai ya maziwa, yeye anabaki na kanisa lililopasuka. Mke wangu ndiye aliyejibu. Aliwaambia, "Wazee wangu, hebu tumwite aje akae hapa, mseme akiwa anasikia." Akaitwa. Mashtaka manne yakawa moja, nalo lilihusu siku ya mkutano. Likaisha kabla ya uji kupoa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyosoma kwenye vitabu vya usimamizi. Ukiondoka, mwenyeji amepona au ameumwa? Mchungaji kijana ana nguvu zaidi Jumapili inayofuata au amepungua? Na mbuzi je? Tunajua sote kwamba mgeni akifika mbuzi atachinjwa, na huwezi kukataa bila kumwaibisha mwenyeji. Familia iliyopoteza mifugo kwenye ukame inachinja mmoja wa wachache waliobaki ili wewe ule ukikumbuka enzi zako. Wageni wanne wakirudi kwa zamu kila mwaka, hesabuni wenyewe.

Sasa nirudi kwa wazee wetu, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi mliokuja kanisani miaka ya karibuni hamlijui, na nimeruhusiwa kulisema. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita walimzika mtoto wao kule. Malaria. Alikuwa na miaka miwili. Waliendelea na kazi miaka mingine minne kisha kanisa likawaita nyumbani, na tangu siku hiyo Mama hajaliona kaburi. Wanawake wa kule wamekuwa wakituma salamu kwamba mawe bado yapo, wanayarudishia yakisogezwa na mbuzi au na mafuriko ya lugga. Hatukuwahi kuandika hilo katika taarifa yoyote ya misheni, kwa sababu halina safu yake.

Je, ni halali sadaka imchukue mama mzee mpaka kwenye kaburi? Nimeifikiria sana. Nasema ni halali, na sisemi hivyo kwa sababu ya huruma tu. Kanisa lilimtuma. Alichokiacha kule alikiacha akiwa katika kazi yetu, na mtumaji hawezi kupokea taarifa ya waliookoka halafu aseme hasara ni ya aliyetumwa. Katika biashara yoyote ya haki faida na hasara ni za wote walioweka. Yule mkulima aliyeniuliza, nilipomweleza hili, alinyamaza kidogo kisha akauliza kitu kingine kabisa: "Kule mahindi wanauziwaje?"

Kamati imekubali nilivyoshauri, kwamba pesa ya safari isitolewe katika fungu la kawaida la misheni. Zitachangwa kando, na anayeona hawezi au hataki asisumbuliwe. Mchungaji wa kule tayari amepigiwa simu, yeye ndiye atakayepanga kila kitu, na Jumapili atahubiri yeye. Wazee wetu watakaa kwenye benchi kama watu wengine. Watalala usiku tatu, basi. Baba alipoulizwa kama atapenda kusalimia kanisa alisema atasimama, ataketi. Mama hataombwa ushuhuda, si kule wala akirudi hapa, na naomba hata kwenye foleni ya chai asiulizwe alijisikiaje.

Kuhusu mbuzi, tumeonelea mgeni aende amebeba. Tunataka magunia ishirini ya mahindi, na mpaka naandika hivi tumeahidiwa kumi na manne, matatu yakitoka kwa yule yule aliyeuliza swali. Tafadhali yaletwe yakiwa makavu kabisa, asilimia 13.5 ile ile ambayo bodi ya nafaka inaitaka pale kwenye maghala yao. Joto la kule na gunia lenye unyevu ni sumukuvu, na hatutawapelekea watu sumu kwa jina la Yesu. Shemasi wa vifaa atayapokea nyuma ya kanisa kila Ijumaa kuanzia saa nane, na kipimo cha unyevu tumeazima, kwa hivyo usiwe mkali ukiambiwa ukaanike tena.