Mgonjwa asiyeonekana mgonjwa

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimezaliwa na siko seli. Kwa kunitazama huoni kitu. Ndani, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake hulaza mtu wodini. Upungufu wa maji mwilini huyachochea, ndiyo maana daktari amenizuia kufunga.

Suala ni hili: mwenzangu wa bwenini akinikuta nakunywa maji mchana wa Ramadhani, nani anadaiwa maelezo? Wengi watasema mimi. Naafiki nisinywe hadharani, kwa heshima ya mwezi. Lakini ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Haikutolewa na wakazi wa bweni. Fidia ya kulisha masikini kwa kila siku ni deni langu kwa Allah.

Utasema wapo wanaojisingizia ugonjwa. Kweli wapo, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Wewe umeamrishwa, katika Suratul-Hujurat aya ya 12, kujiepusha na dhana na kupelelezana.

Basi ndugu yangu, unapofunga tumbo, funga na ulimi.