Je, Mwepesi Amngoje Mzito?

Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Wakasema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Akili yapasa kuamua wapi neno la kwanza ni kweli, na wapi la pili.

Misigiri, katika Iramba, ni njia panda: barabara ya Singida kwenda Nzega hukutana hapo na ile iendayo Kiomboi. Na ichukuliwe kuwa wakulima watatu wamekodi lori moja kwa nauli ya shirika, wapakie alizeti hapo. Kila mmoja ana ghala lake, wala hajui ya mwenziwe mpaka aletewe habari. Atanguliaye kufika aondoke, au angoje?

Suala hili liliwakabili pia waunda kompyuta. Mwaka 2009 Intel ilionyesha prosesa yenye viini 48, ambayo haikulinganisha yenyewe nakala za kumbukumbu zilizo katika viini hivyo. Kiini kilihitaji ujumbe kupata habari za wenziwe. Katika mashine za namna hii, programu huweka kizuizi: kila uzi wa kazi ufikapo husimama hata wa mwisho ufike. Usiongoja huweza kupiga hesabu kwa tarakimu zilizokwisha pitwa, ukatoa jawabu la uongo upesi sana.

Yuko atakayesema kuwa kungoja ni kuadhibu bidii kwa kosa la uvivu. Hoja hii ina nguvu, maana kundi zima huenda kwa mwendo wa mzito wao. Walakini si kila mzito ni mvivu. Pengine alitwishwa zaidi. Hapo kosa ni la mgawaji, na dawa ni kugawa upya.

Wala si kila kungoja ni wema. Mmoja akishika kamba akingoja magunia, na wa pili magunia akingoja kamba, watakesha hapo, kila mmoja akijiona mwungwana. Mholanzi Edsger Dijkstra alilichunguza fundo hili katika miaka ya 1960. Hufunguka kwa mapatano: wote waanze kwa kamba, kisha magunia.

Basi mwepesi amngoje mzito pale ambapo hatua ifuatayo yategemea kazi ya mzito. Pasipo hivyo, aendelee. Mzito naye ana deni. Akizuiwa na mvua, apeleke habari mapema, kwani anyamazaye huwafunga wenziwe njiani. Haki ya kungojwa haitengani na wajibu wa kusema ukweli.