Nyumba Pamoja na Bustani

Somo: Yeremia 28:1–11 na 29:1–14



Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka kwenda Babeli, manabii wawili walinena juu yao, wala maneno yao hayakupatana. Hanania alisimama Hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwamba katika muda wa miaka miwili mateka watarudi nyumbani pamoja na vyombo vyote vya Hekalu. Hapana shaka watu walifurahi kusikia hayo. Yeremia aliwapelekea mateka barua yenye neno gumu. Aliwaambia kwamba itakuwa miaka sabini. Kwa hiyo wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, nao wauombee mji ule kwa Bwana, kwa sababu mji ukiwa na amani na wao watakuwa na amani.

Hanania alileta faraja, lakini faraja ya uongo humfanya mtu akae juu ya mzigo wake, asipande hata mchicha, akingoja siku isiyokuja. Neno la Yeremia lilikuwa chungu, lakini ndilo lililowapa watu chakula.

Sisi hatukuchukuliwa na mfalme wa Babeli. Hata hivyo wako ndugu zetu wengi katika nchi hii waliotolewa nyumbani mwao bila kuvuka mpaka wowote. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walikufa. Miezi michache baadaye mvua za El Niño zikaleta mafuriko mahali pengi. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa na zaidi ya watu 200,000 wameathirika. Wataalamu watuambia kwamba dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa za namna hii zitazidi.

Twajua jinsi tunavyofanya habari kama hizo zinapotufikia. Kanisani hutangazwa sadaka ya pekee, akina mama hukusanya nguo, vijana hubeba magunia ya unga. Jambo hilo ni jema, wala tusiliache, maana mwenye njaa leo hawezi kungoja mpango wa mwaka kesho. Lakini baada ya majuma kadhaa magari huacha kuja, na aliyepoteza shamba lake bado yuko pale darasani alipolazwa, au kwa ndugu yake aliyemkaribisha. Hapo ndipo roho ya Hanania inapotuingia. Twasema, "Maji yatapungua, watarudi makwao." Ni kweli wengi hurudi, lakini hurudi mahali palepale, wakiwa maskini kuliko kwanza, na mvua ya pili huwakuta hawana hata cha kuokoa.

Pengine wengine watasema, "Basi wahamishwe waende juu, mambo yaishe." Neno hilo nalo tulipime, kwa maana nchi yetu imekwisha kulijaribu. Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika sana. Baada ya hapo Serikali iliwahamisha watu wa bondeni, ikawaweka katika vijiji vilivyopangwa mahali pa juu. Nia ilikuwa njema, maana huko juu maji hayafiki, na shule na zahanati zingeweza kuwafikia watu waliokusanyika pamoja.

Lakini Mrufiji hakuwa bondeni kwa ujinga. Mto ule uletao hatari ndio uletao rutuba. Maji yakiisha kupungua huacha tope jema, na watu hupanda humo mazao ya mlau, mahindi na mengineyo, bila kungoja mvua nyingine. Mafuriko hujaza mabwawa, na mabwawa hutoa samaki. Huko juu udongo ulikuwa wa mchanga, na maji ya kunywa yalikuwa ya shida. Basi watu walilala mlimani na kulima bondeni. Msimu ulipofika walishuka na kukaa madunguni, wakilinda mimea yao na nguruwe na ndege, na mara nyingi watoto walibaki kijijini kwa ajili ya shule. Jamaa moja ikawa na miji miwili, na wengine wakarudi bondeni kabisa. Mwaka 2024 mafuriko yaliukuta tena watu na mashamba katika bonde hilo.

Ndugu zangu, walipewa nyumba wakakosa bustani. Yeremia alivitaja vyote viwili kwa pumzi moja. Mungu ajua kwamba mtu haishi kwa kuta na bati peke yake. Anahitaji mahali pa kulima, au pa kufanya kazi yake, maji ya karibu, shule ya watoto, na jirani wa kumwita usiku. Asipoyapata, atarudi penye hatari, nasi hatuna haki ya kumwita mkaidi.

Wakuu wa Afrika walilitambua jambo hili walipokutana Kampala mwaka 2009, wakaufanya mkataba juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao wenyewe, nao ukaanza kutumika mwaka 2012. Mkataba huo hautaji vita tu. Unataja pia maafa ya asili na mabadiliko ya tabianchi. Wasema kwamba watu hao washauriwe, nao wachague kwa hiari na kwa kujua mambo yalivyo: kurudi walikotoka, kukaa walipokimbilia, au kuhamia mahali pengine. Maana yake, aliyehamishwa si gunia la kupakiwa na kupakuliwa. Yeye ni mtu, amefanywa kwa mfano wa Mungu, na ana neno la kusema juu ya maisha yake.

Hanang nyumba zaidi ya 100 zilijengwa katika eneo la Waret, nazo zikakabidhiwa kwa waliopoteza zao. Twamshukuru Mungu. Hata hivyo tusidhani kwamba siku ya kukabidhi funguo ndiyo siku ya mwisho. Siku hiyo ndiyo siku ya kuuliza kila jamaa inalima wapi, inauza nini, na imepata kanisa na majirani au bado.

Sasa liko neno kwetu sisi ambao nyumba zetu zingali zimesimama. Bwana aliwaagiza mateka wautakie mji mema. Basi na mji je? Haupasi kuwatakia mema waliokuja? Mara nyingi ugomvi huanza kisimani. Wageni wamepewa mafuta na blanketi, na mwenyeji aliyewapokea, maskini vilevile, hakupewa kitu. Kwa hiyo msaada wa hekima huwapa wote wawili: kisima kimoja kwa wote, darasa moja la kuongezwa kwa watoto wote. Hapo mwenyeji hatamwona mgeni kuwa ndiye aliyemmalizia maji.

Nawasihi basi tufanye mambo manne. Kwanza, tutoapo sadaka ya maafa, tugawe mafungu mawili: moja la chakula cha sasa, na moja liwekwe mpaka msimu wa kupanda, kwa ajili ya mbegu, majembe na vifaa vya mafundi. Pili, tumwulize aliyehamishwa, "Ulikuwa ukifanya kazi gani?" kabla ya kumwuliza, "Unavaa saizi gani?" Tatu, wazee wa kanisa wawasaidie watu hao kupata tena vyeti vyao vilivyochukuliwa na maji, na karatasi za kiwanja walichopewa, hasa wajane, maana mjane asiye na karatasi huondolewa upesi. Nne, tusingoje maafa. Katika mikutano ya kijiji tuulize sasa, wakati wa jua, ni nani wakaao korongoni, na ni ardhi gani ya juu inayoweza kuwapa nyumba pamoja na bustani. Yusufu alijenga ghala katika miaka ya shibe.

Kazi hii ni ya miaka, wala si ya majuma. Hananiani wengi watatuambia kwamba yatakwisha upesi. Sisi tulishike neno la Yeremia, maana katika barua ileile iliyowaambia wajenge na kupanda, Mungu aliwaambia pia kwamba anawawazia mema na kwamba watakuwa na tumaini.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetembea na watu wako jangwani na kukaa nao Babeli, wakumbuke wote waliotolewa nyumbani na maji na tope. Wape mahali pa kulala na mahali pa kupanda. Utupe sisi moyo usiochoka upesi, tuwe majirani zao leo na mwaka ujao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake. Amina.