Samaki wa bwawa: Tumeuliza amekula nini, hatujauliza amekula chakula cha nani

Katika darsa na mabaraza yetu ya mjini siku hizi kuna swali linalojirudia: samaki wa kufugwa, ambaye hatujui kalishwa nini, ni halali? Ni swali zuri, na anayeuliza anaonesha kuwa bado anaijali dini yake anapokwenda sokoni. Lakini makala hii inakusudia kuonesha kwamba swali hilo ni nusu tu. Kuna nusu ya pili ambayo Waislamu wengi hatuiulizi, nayo huenda ikawa nzito zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu (s.w.).

Kwa karne nyingi Muislamu hakuwa na sababu ya kuuliza chochote juu ya samaki. Qur'an katika Surat al-Maida, aya ya 96, imetuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake. Samaki hachinjwi. Anachokula huko baharini ni baina yake na Mola wake. Mambo yamebadilika pale mwanadamu alipomtia samaki bwawani na kumletea chakula kwa mkono wake. Penye mkono wa mwanadamu, ndugu msomaji, pana hisabu.

Na jambo hili si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), mwaka 2022 ndio mwaka wa kwanza ambapo viumbe wa majini waliofugwa, wakiwemo samaki na kamba, walizidi wale waliovuliwa. Walifikia tani milioni 94.4, yaani asilimia 51 ya wote. Wote hao wanalishwa na mtu au wanakuzwa kwa usimamizi wa mtu. Ndiyo maana leo vyuo na viwanda vingi duniani vinashughulika kubuni vyakula vipya vya samaki na kamba na kuvijaribu. Je, Muislamu ana la kusema katika kazi hiyo?

Swali la kwanza: Usafi

Wanazuoni wetu walilijadili suala hili kabla ya kuwepo mabwawa ya kisasa. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar (r.a.), iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amekataza kula jallala na kunywa maziwa yake. Jallala ni mnyama ambaye kula kwake kukubwa ni uchafu. Imepokewa pia kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kinachoangaliwa ni kama nyama imebadilika harufu au ladha, na kauli iliyopewa nguvu na Imam Nawawi ni kuwa kumla ni karaha. Wengine wamesema ni haramu mpaka afungiwe na kulishwa kisafi.

Kwa upande mwingine, katika Bukhari na Muslim imo habari ya Masahaba waliokanda unga kwa maji ya visima vya Thamud. Mtume (s.a.w.) akawaamuru unga ule wapewe ngamia. Baadhi ya wanazuoni wamechukua hapo dalili kwamba kisichofaa kuliwa na mtu chaweza kulishwa mnyama. Kwa hiyo mlango haukufungwa moja kwa moja, wala haukuachwa wazi bila mlinzi.

Suala hili limefika kwa walaji wa leo. Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2001 ulipiga marufuku kulisha mifugo unga wa mabaki ya wanyama baada ya balaa la ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, uliruhusu tena mwezi Juni 2013 unga wa mabaki ya wanyama wasiocheua, wakiwemo nguruwe na kuku, utumike katika chakula cha samaki wa kufugwa. Malaysia, Baraza lao la Fatwa mwaka 2006 liliamua kuwa samaki anayelishwa najisi kwa makusudi, kama nyama ya nguruwe au mizoga, haliwi. Hapa kwetu kuna wanaotumia damu ya machinjioni iliyokaushwa, na wapo wanaojenga mabanda ya kuku juu ya bwawa ili kinyesi kidondoke majini.

Hukumu ya kila moja kati ya hayo tuwaachie wenye elimu ya fatwa. Lakini jambo moja halihitaji mufti: mfugaji na mlaji wana haki ya kujua kilichomo ndani ya mfuko. Mfuko ulioandikwa "protini asilimia 30" bila kutaja protini hiyo imetoka kwa nani haujasema ukweli wote.

Swali la pili: Haki

Sasa tuje kwenye nusu tunayoisahau. Chukua chakula ambacho hakina nguruwe, hakina damu, hakina kinyesi. Ni unga wa samaki wadogo, mtupu na msafi. Je, hapo tumemaliza hisabu?

FAO inaeleza kuwa mwaka 2022 takriban tani milioni 17 za samaki zilisagwa kuwa unga na mafuta badala ya kuliwa na watu. Sehemu kubwa ya unga huo huenda kwa samaki na kamba wa kufugwa. Peru ndiyo mzalishaji mkubwa, kwa kutumia dagaa wao waitwao anchoveta. Lakini tazama Afrika Magharibi. Senegal, Gambia na Mauritania ni nchi za Waislamu wenzetu. Huko yuko samaki mdogo ambaye Wawolofu humwita yaboy, naye ndiye kitoweo cha maskini. Viwanda vya unga wa samaki vimejengwa katika pwani hizo, na kwa Gambia pekee viko Gunjur, Kartong na Sanyang. Ripoti ya Greenpeace ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa samaki zaidi ya tani nusu milioni wa eneo hilo wanaosagwa kila mwaka wangeweza kulisha watu milioni 33. Unga na mafuta yake husafirishwa Ulaya na Asia. Akina mama waliozoea kumnunua yaboy, kumkausha na kumuuza mitaani, wanashindana bei na kiwanda.

Na sisi tusijione mbali. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, sehemu yake kubwa haifiki kwenye sufuria. Inakwenda kwenye chakula cha kuku na samaki.

Atasema msemaji: biashara ni halali, mvuvi ana haki ya kumuuzia anayetoa bei nzuri, na dagaa wengi wanaokwenda kiwandani ni wale walioanikwa mchangani ambao mtu hawataki. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Mvuvi naye ana watoto. Lakini inajibu suala la mvuvi mmoja na mnunuzi mmoja. Haijibu suala la umma mzima, pale ambapo protini ya bei ya chini ya mlalahoi inageuzwa kuwa samaki wa bei kubwa wa hotelini. Sharia yetu ina kanuni kwamba madhara huondolewa, na kwamba madhara ya wengi yanatangulia manufaa ya wachache. Na kama dagaa wanaharibika kwa kukosa vichanja vya kuanikia, dawa ni vichanja. Uchafu wa mchanga usiwe hoja ya kumnyima maskini kitoweo.

Kwa mtazamo huu, yule kijana aliye maabara akitafuta chakula cha samaki kisichotegemea dagaa yuko katika kazi ya kheri, hata kama hajui. Na kazi hiyo inawezekana. Mwaka 1990 chakula cha samaki aina ya salmoni huko Norway kilikuwa na asilimia 90 hivi ya mazao ya baharini. Kufikia mwaka 2020 kilikuwa na asilimia 22 hivi. Nafasi ilichukuliwa zaidi na soya na mazao mengine ya shamba.

Hata hivyo, tusishangilie haraka. Soya nayo ni chakula cha watu, na inalimwa katika ardhi ya watu. Ukimwondolea maskini mzigo wa dagaa ukamtwisha wa soya na mahindi, umeuhamisha tu. Ndiyo maana vinatazamwa vitu ambavyo mtu havili: mashudu, mabaki ya viwanda vya samaki, mwani mdogo, na funza wa yule inzi mweusi anayekuzwa kwa mabaki ya sokoni. Na hapo swali la kwanza linarudi: funza huyo mwenyewe kalishwa nini? Maswali haya mawili hayatengani.

Jaribio ni ushahidi

Chakula kipya hakiingii sokoni kwa maneno. Mtafiti huchukua vifaranga wa uzito unaolingana, akawagawa katika matangi. Wengine hupewa chakula cha zamani, wengine chakula kipya, na kila chakula huwekwa katika matangi matatu au zaidi ili bahati ya tangi moja isipotoshe matokeo. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili hupimwa: wameongezeka kiasi gani, wamekula kilo ngapi kwa kila kilo waliyoongeza, wangapi wamekufa. Kwa kamba kuna mtihani wa ziada, maana kamba hula polepole kwa kumega. Chakula kikiyeyuka mapema, fedha ya mfugaji imezama matopeni.

Anayeandika matokeo hayo anatoa shahada. Mfugaji mdogo, ambaye zaidi ya nusu ya gharama yake ni chakula, ataweka akiba yake yote juu ya karatasi ile. Akificha tangi lililokufa samaki, huyo hana tofauti na muuza duka aliyechezea mizani, ambaye Surat al-Mutaffifin imeanza kwa kumwonya.

Mfano upo. Vipimo vya kawaida havipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha protini hukisiwa kwa hesabu. Wajanja wakaijua njia hiyo. Mwaka 2007 iligundulika Marekani kwamba malighafi ya chakula cha wanyama kutoka China imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni nyingi, na baadhi yake ilifika mpaka kwenye chakula cha samaki wa kufugwa. Mwaka 2008 kemikali hiyo hiyo ikakutwa katika maziwa ya watoto wachanga huko China. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafariki. Kipimo kilisema protini ipo, na haikuwepo. Mizani ilikuwa nzima lakini mtu alikuwa mwongo.

Tufanye nini?

Kwanza, wazazi na walimu wa madrasa tuache kuwaambia vijana kwamba elimu hizi ni za dunia tu. Anayesoma ufugaji wa samaki Sokoine au kwingineko anaweza kuwa ndiye atakayeamua Muislamu wa kesho ale nini. Pili, taasisi zetu zinazotoa nembo za halali zisiishie machinjioni, zifike na kwenye mifuko ya chakula cha mifugo na samaki. Tatu, sisi walaji tunapouliza kama samaki huyu kalishwa najisi, tuongeze na swali la pili: kalishwa chakula cha nani?

Muislamu anayekataa samaki kwa kuogopa tone la damu, kisha akamla bila wasiwasi yule aliyenoneshwa kwa kitoweo cha yatima, amechunga tohara ya sahani yake na kuisahau haki ya jirani yake. Dini yetu imetutaka tuvichunge vyote viwili.

Wallahu a'lam.