Alinyamaza kwa Ajili ya Watoto

Mama aliyepatwa na jambo baya lisilosemeka, kisha akaagiza watoto wake wasiambiwe, je, amewatendea mema? Swali hili limo katika riwaya iitwayo Obasan, iliyotolewa mwaka 1981 na Joy Kogawa, mwanamke wa Kanada mwenye asili ya Kijapani. Neno hilo ndilo Wajapani humwitia shangazi, au mwanamke yeyote wa makamo kwa heshima.

Kwanza tujue yaliyotokea, maana riwaya hii haikujengwa hewani. Japani ilipoishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, serikali ya Kanada iliwageukia watu wake yenyewe. Mwaka 1942 watu zaidi ya 21,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa pwani ya magharibi, nao wengi walikuwa raia, wengine hawajapata kuiona Japani kwa macho. Huko Hastings Park, mjini Vancouver, wanawake na watoto walilazwa katika mabanda ya mifugo wakingoja kupelekwa bara. Wanaume wengi walipelekwa kutengeneza barabara. Nyumba, mashua na mashamba yao serikali ikayauza bila ridhaa yao. Vita vilikwisha 1945, lakini hawakuruhusiwa kurudi pwani mpaka 1949. Bi Kogawa alizaliwa 1935, akapelekwa Slocan pamoja na wazazi wake angali mtoto.

Msimulizi wa riwaya ni Naomi, mwalimu wa shule (jambo lililonivuta mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote). Mamaye alisafiri kwenda Japani mwaka 1941 kumtazama jamaa mgonjwa, vita vikamfungia huko. Hakurudi. Mtoto alikua akiuliza, na shangazi aliyemlea akamjibu kwa chai na chakula, si kwa maneno. Naomi alipita umri wa miaka 30 kabla ya kusomewa barua iliyokuwa imefichwa siku zote. Mamaye alikuwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Bomu la atomiki lilimharibu uso, naye akaomba watoto wasijue.

Wazee wa Kijapani waliohamia ng'ambo walikuwa na msemo wao: kodomo no tame, yaani kwa ajili ya watoto. Siudharau. Wengi wa wanawake wale walivuka bahari kuolewa na wanaume waliowajua kwa picha tu, wakafanya kazi ngumu, wakatukanwa, wakanyamaza ili watoto wakue bila uchungu moyoni. Nasi twasema, funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto wa miaka tisa afanye nini na habari ya uso ulioungua?

Lakini mtoto asiyeambiwa hakai bila jibu, hujitungia lake. Darasani nimewaona watoto ambao mzazi wao amekufa, na nyumbani wanaambiwa amesafiri. Hawatulii. Kila mlango ukigonga wanageuka. Tena Naomi alikuwa na siri yake mwenyewe: jirani mzee alikuwa akimtenda vibaya, naye hakuthubutu kumwambia mamaye. Mama alipotoweka, hatia ile ikabaki kwa mtoto. Basi kimya cha mama na kimya cha binti vikakaa nyumba moja, kila kimoja kikidhani kinamhurumia mwingine.

Kwa maoni yangu, mama alikuwa na haki ya kuomba, na walezi walikuwa na haki ya kutii, lakini kwa muda. Ombi lile lilikuwa la kulinda utoto. Utoto ukiisha, na mtu mzima akauliza waziwazi, habari ile si ya walezi tena. Ni yake, kama urithi aliowekewa.

Mtu aweza kusema, basi mtunga riwaya naye amepewa ruhusa na nani kufunua ya wazee? Namjibu kwamba si wote walionyamaza. Shangazi Emily wa riwaya, yule msemaji, ametokana na barua za kweli za Muriel Kitagawa, aliyeandika wakati ule ule wa mateso. Barua zililala katika hifadhi ya nyaraka mpaka Bi Kogawa alipozikuta. Hata tarehe 22 Septemba 1988, serikali ya Kanada ilipoomba radhi na kuahidi dola 21,000 kwa kila aliyekuwa hai, sehemu ya riwaya hii ilisomwa bungeni.

Lipo gumu zaidi, nalo latuhusu sisi Waanglikana. Baba yake Bi Kogawa alikuwa kasisi wa Kanisa letu, naye aliwadhulumu wavulana kimwili. Mwaka 1995 binti alitoa riwaya nyingine, The Rain Ascends, juu ya mwanamke anayegundua hayo hayo kwa babaye kasisi. Mama wa Nagasaki alificha jeraha lake mwenyewe. Hapa lililofichwa ni kosa la mtendaji, na jeraha wakaachiwa wengine walibebe, ingawa kimya cha namna hii huvaa nguo zile zile za heshima na huruma. Kanisa Anglikana la Kanada liliomba radhi hadharani mwaka 2015, kasisi yule akiwa amekwisha kufariki. Baadhi ya waliokuwa wavulana siku zile walikuwa wamengoja mpaka mvi.